Nyuzi za gitaa la umeme kwenye hewa ya chumvi

Tanga ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Gitaa si geni hapa. Kinacholiumiza ni upepo wa bahari. Chumvi ikichanganyika na jasho, nyuzi hushika kutu, sauti inafifia na tyuni haitulii.

Kwa vijana wanaopiga roki, seti ya nyuzi zenye unene wa inchi 0.010 (uzi mwembamba) hadi 0.046 (uzi mnene) inatosha. Inayoanzia 0.009 ni laini vidoleni, ila mwenye mkono mzito ataikata mapema. Badilisha uzi mmoja mmoja, hasa kama daraja la gitaa lina springi: ukivua zote sita, springi zinalivuta na urefu wa nyuzi unavurugika. Kwenye kigingi zungusha mara 2 au 3, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia; ikipandana, uzi utateleza. Halafu uvute taratibu kwa vidole, utyuni, uvute tena, mpaka usishuke. Noti za nyuzi, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Besi na magitaa yote yatumie tyuna moja (kifaa cha kupimia tyuni), la sivyo ni kelele tu.

Baada ya mazoezi futa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake. Chini ndiko wengi husahau.

Amplifaya zote na mikisa zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini). Mwimbaji mwenye gitaa akipigwa shoti mdomoni anapogusa maiki, zimeni umeme papo hapo na mwiteni fundi. Msikate waya wa ethi ili kuondoa mvumo.