Kwa nini mchezaji wako hatupi: viwango na mitupo kwenye Basketball GM

Mpwa wangu alikuja kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, amenuna. "Mjomba, huyu nimempandisha 3Pt toka 55 mpaka 75 na bado hatupi. Huu mchezo mbovu." Alikuwa akisema Basketball GM, mchezo wa kompyuta ambamo wewe ni meneja wa timu ya mpira wa kikapu; 3Pt ni kiwango cha mchezaji cha kutupa mpira kikapuni kutoka mbali, kwa pointi tatu. Mchezo mzima kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza Jumapili nzima kwenye shimo hilohilo.

Hatua ya 1: Anzisha ligi. Ni bure, inafunguka kwenye kivinjari, na ikishafunguka inaendelea hata bando likikata. Tumia kompyuta. Kwenye simu utasukuma majedwali kushoto kulia mpaka dole gumba liote sugu.

Hatua ya 2: Toa nakala. Bonyeza "Export League" kabla hujagusa chochote. Ligi yote inakaa ndani ya kivinjari, ukikisafisha imekwenda. Yangu ya misimu 14 ilikwenda hivyo.

Hatua ya 3: Jua nani anachaguliwa kutupa. Hapa tukae kidogo.

Kila timu inaposhambulia, kompyuta inapiga kura kati ya watano waliomo uwanjani: nani atupe? Kila mmoja anaingia na uzito wake, na uzito huo unatokana na viwango 8. Ins (kufunga karibu na kikapu) ndiyo baba lao, inahesabiwa mara 1.5. Dnk (kudanki), 2Pt (mitupo ya pointi mbili) na 3Pt zinahesabiwa mara 1 kila moja. Hgt (urefu), Spd (kasi), Drb (kudunda mpira) na oIQ (akili ya kushambulia) ni nusu nusu. Jumla 6.5.

Sasa chukua zile 20 za mpwa wangu. Gawa kwa 6.5, unabaki na kama 3. Jasho lote lile kwa pointi 3! Kweli, mchezo unaupandisha uzito kwa kipeo kabla ya kupiga kura, kwa hiyo mwenye nacho huongezewa, lakini hata hivyo utaona kama mtupo mmoja zaidi kwa mechi, basi.

Halafu kuna wenzake. Fikiria watu watano kwenye sinia moja la ugali na migebuka. Tonge la mmoja likiwa kubwa, linatoka kwenye fungu la wengine. Mchezaji yuleyule, bila kuguswa kiwango hata kimoja, atatupa sana akiwa na wanne wanaookota ribaundi tu, na atapoa akiwekwa na wawili wenye herufi V pembeni ya majina yao. Hiyo V ndiyo alama ya mtupaji mkuu. Mpwa alikuwa nao wawili, na alikuwa hajaziona!

Reb (ribaundi), Pss (pasi), dIQ (akili ya kulinda) na FT (mitupo huru) hazimo kabisa kwenye hesabu hii. Ndiyo maana mtu mwenye ovr (kiwango cha jumla) kubwa anaweza asitupe: ovr yake imejengwa na mambo mengine. Urefu nao unasaidia nusu tu. Mkumbuke Hasheem Thabeet wetu, 2.21 m, chaguo la 2 la NBA mwaka 2009, aliyemaliza safari yake huko kwa wastani wa pointi 2.2. Chaguo la 3 mwaka huohuo alikuwa James Harden, ambaye msimu wa 2018/19 alitupa zaidi ya mara 24 kwa mechi.

Bado. Akishachaguliwa mtupaji, inakuja kura ya pili: atupe kutoka wapi? Hapo ndipo 3Pt inapofanya kazi yake kubwa. Mpwa alikuwa amekodolea macho FGA (hesabu ya mitupo yote, ukiacha ile huru), ambayo ilisogea kidogo. Nilipomwonyesha 3PA (mitupo ya pointi tatu peke yake), imepanda vizuri tu, akakaa kimya. Kisha kuna kuingia au kutoingia, lakini hilo ni jambo la tatu, na ukilichanganya na haya mawili utakesha.

Waliozoea NBA 2K, mchezo mwingine wa kikapu, hukwama zaidi, maana kule tamaa ya kutupa ina namba zake, mbali na uwezo. Huku tamaa inazaliwa na uwezo wenyewe.

Hatua ya 4: Pima. Badili takwimu ziwe "Per 36 Mins" (kwa kila dakika 36 za kucheza), la sivyo utadhani mtu ameongezewa mitupo kumbe ameongezewa dakika. Cheza msimu mzima, andika FGA na 3PA. Rudi kwenye nakala yako, washa God Mode (inayokuruhusu kubadili viwango mwenyewe), badili kiwango kimoja tu, cheza tena. Mechi tano hazitoshi, bahati inavuruga. Mimi naandika kwenye kaunta buku. Wanaopenda Excel shauri yao, kaunta buku haijawahi kuniuliza nywila.

Hatua ya 5: Mwongezee mitupo. Anza na Ins na 2Pt, au muuze V mmoja. Mimi nauza.

Mpwa alikataa kuuza, anawapenda wote. Akampeleka kijana wake wa 75 kwenye kikosi cha pili, awe anaingia wale wawili wakipumzika. Msimu uliofuata FGA yake kwa dakika 36 ilipanda, na 3Pt ilikuwa 75 ileile.