Jinsi ya kutafuta chanzo cha soriasisi yako: jeni, kinga ya mwili na kinachoiamsha

Mtu akishaambiwa ana soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, swali la kwanza ni nimeitoa wapi, na majibu ya mtaani yapo tayari, umerogwa, damu chafu, kuna mtu kakuambukiza. Hapana jamani. Haiambukizi kwa kushikana mikono wala kulala kitanda kimoja wala kuvaa nguo ya mwenzako. Inaanzia kwenye jeni ulizozaliwa nazo na kinga ya mwili inayofanya kazi kupitiliza, alafu kinatokea kitu kinaiamsha, na hicho cha kuiamsha ndo unachoweza kukitafuta mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni yenyewe. Picha nyingi mtandaoni ni za ngozi nyeupe, mabaka mekundu, sisi kwetu mara nyingi yanatokea ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea na juu kuna magamba meupe, angalia viwiko, magoti, kichwani na chini ya kiuno. Fangasi kawaida inakuwa duara ambalo katikati pamepona, soriasisi baka linakuwa nene lote. Angalia na kucha, ukiona vishimo vidogo vidogo kama vimetobolewa na sindano hiyo ni dalili nzuri ya kumwonyesha daktari wa ngozi.

Baada ya hapo kaa na wazee, upande wa baba na wa mama. Usiulize tu "nani ana soriasisi" maana wengi hawakuwahi kupimwa, uliza nani alikuwa na mba isiyoisha kichwani, nani alikuwa na mabaka ya magotini yanakuja na kuondoka, nani vidole vilikuwa vinavimba. Jeni zinazohusika ni nyingi ila inayojulikana zaidi inaitwa HLA-C*06:02, ipo kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) namba 6, na wenye nayo mara nyingi huanza kuugua wakiwa bado vijana. Lakini kuwa nayo sio lazima uugue, hata mapacha wa kufanana wanaweza wakawa na jeni zilezile mmoja akapata mwingine asipate kabisa, kwahiyo mama usijilaumu kwamba umempa mwanao ugonjwa na usikimbilie kulipia kipimo cha jeni, daktari anaitambua kwa kuangalia na mara chache anakata kipande kidogo cha ngozi.

Sasa upande wa kinga, hapa naomba usome taratibu. Seli za kinga zilizopo kwenye ngozi zinatoa protini inaitwa IL-23, hiyo inachochea seli nyingine za kinga, seli T, zitoe IL-17, na kuna nyingine inaitwa TNF, zote hizi zinaifikia ngozi kama amri ya kuzaliana. Ngozi ya kawaida inajibadilisha kwa kama mwezi mmoja, kwenye baka inatumia siku chache tu, seli zinafika juu hazijakomaa zinarundikana, ndo hayo magamba, na ngozi yenyewe inaanza kuita seli nyingine za kinga, mzunguko unaendelea. Ndo maana nasema achana na dawa za "kuongeza kinga" wanazouza mtandaoni, shida yako sio kinga kupungua. Ila kama imekuja ghafla na kwa ukali sana pima VVU, kwasababu VVU vinavuruga mpangilio wa kinga na vinaweza kuileta au kuizidisha.

Alafu chukua daftari. Kila ikilipuka rudi nyuma wiki mbili tatu uandike kilichotokea. Koo liliuma? Kwa watoto na vijana, maambukizi ya bakteria kooni huleta vidoa vidogo vingi mwili mzima. Ulijikata, uliungua, ulichora tatuu? Baka linaweza kuota palepale penye jeraha. Andika pombe, sigara, msongo wa mawazo, na dawa zote, maana lithiamu, klorokwini na baadhi ya dawa za presha kama propranolo zinaweza kuichochea, usiache mwenyewe, beba pakiti umwonyeshe daktari.

Cha kuogopa zaidi kuliko vyote ni vidonge au sindano za stiroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga. Mtu anachoma sindano, ngozi inasafishika ndani ya siku chache, anafurahi, ikiisha nguvu inarudi mara mbili, wengine wanatoka vipele vya usaha. Ukiona ngozi karibu yote imewaka, unatetemeka baridi au usaha umetapakaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na viungo usivisahau. Ukiamka vidole vimekakamaa zaidi ya nusu saa au kidole kizima kimevimba sema mapema, ni kinga ileile imeingia kwenye jointi na kiungo kikishaharibika hakirudi. Ukiandikiwa metotreksati, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, kwa ajili hiyo, inamezwa mara moja kwa wiki, sio kila siku, ukiimeza kila siku inaweza kuua, kwahiyo chagua siku moja na uiandike kwa kalamu juu ya boksi la dawa.