Moshi hadi Iringa na watoto: panga hivi

Wanangu walikuwa wanaijua barabara moja tu ya nchi yao, ile ya Moshi kwenda Dar. Likizo ya Juni tukapakia Noah, bibi yao siti ya mbele, tukashika njia ya Babati, Kondoa, Dodoma hadi Iringa. Juni ni nzuri: shule zimefungwa, masika yamekwisha.

Gari lipeleke gereji wiki mbili kabla. Sisi tulilipeleka jana yake, tukaambiwa liko sawa, na kabla ya Mtera mpira wa rejeta ukapasuka. Tulikaa juani saa tatu nzima. Fundi akikagua, simama naye, uubonyeze mpira kwa mkono wako. Ukiwa na nyufa, badilisha. Beba spea yenye upepo, jeki, pembetatu na dumu la maji.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, na jua lisizame mkiwa njiani. Usiku kuna ng'ombe na malori yasiyo na taa.

Mnunulie mtoto mmoja daftari la salamu. Tulitoka na "shimbonyi" yetu, Dodoma mama muuza karanga akatuandikisha "mbukwenyi", Iringa tukapokelewa kwa "kamwene". Kwangu hilo daftari lina thamani kuliko picha zote za simu.

Kolo, penye michoro ya miambani, iko kabla ya Kondoa ukitokea Babati. Chukueni mwongozaji, vaeni raba, pandeni asubuhi maana kilima ni kikali. Michoro hiyo, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni myekundu iliyofifia. Mpe mtoto muda macho yazoee. Wangu wa miaka tisa aliona jiwe tupu, kisha twiga, kisha watu wembamba warefu, akaanza kunong'ona kana kwamba wamelala. Wenyeji bado hufika huko kutambika, kwa hiyo msiguse kitu.

Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa nje kidogo ya Iringa, msiende bila kuwasimulia watoto kwanza. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikachukuliwa, fuvu likarudishwa mwaka 1954. Binti yangu alisimama mbele ya kioo linamohifadhiwa fuvu hilo, akapiga hesabu kwenye daftari la salamu: 56. "Bibi, miaka yote hiyo walikuwa wanalifanyia nini?"

Tulikuwa tumepanga nguzo za udongo za Isimila mchana uleule. Tukazisogeza kesho yake. Achieni Kalenga siku nzima.