Leseni ya unesi Marekani: chagua jimbo kwanza, hela utoe baadaye

Hii naiandika kwa manesi wenzangu walioko Dar, Nairobi, Mombasa, Bukavu, na zaidi kwa wale ambao wameshatua Marekani wanabeba boksi usiku huku vyeti vyao vya unesi vimelala kwenye begi. Swali linaloulizwa kila siku ni "leseni ya Marekani shingapi?" na hilo swali halijibiki kwa sababu leseni ya Marekani haipo. Kuna leseni ya Texas, ya New York, ya Minnesota, kila jimbo lina bodi yake ya manesi na bodi ina sheria zake, fomu zake na bei zake, kwa hiyo mtu wa Ohio akikwambia yeye alilipa kiasi fulani na wewe unaomba California, hiyo hesabu yake haikusaidii kitu. Kinachofanana nchi nzima ni mtihani tu, NCLEX. Na ninachotaka ushike ni hiki: usilipe hata dola moja kabla hujajua unaomba jimbo gani na kwa nini, maana ada ya bodi siyo inayoumiza zaidi, kinachomaliza watu ni kuanza kwenye jimbo lisilowafaa halafu warudie kila kitu upya.

Sasa unachaguaje jimbo. Watu wengi wanachagua pale anapoishi mjomba, na siyo vibaya, lakini jiulize mambo matatu. Kwanza, una namba ya SSN, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, au huna? Kama bado uko nyumbani Afrika huna, na majimbo mengi hayatakutolea leseni bila hiyo namba, hata kama mtihani umefaulu. New York haidai SSN ndiyo maana utaona manesi wengi wa nje wanaanzia huko hata kama hawana mpango wa kuishi New York, wanafanyia mtihani chini ya New York halafu baadaye wanahamisha leseni kwenda jimbo la kazi. Pili, shule yako ilikufundisha vipi? California kwa mfano wanataka waone kwamba darasa na wodi za kila somo vilienda pamoja, yaani kama nadharia ya magonjwa ya watoto umesoma mwaka wa kwanza na wodi ya watoto ukaenda mwaka wa tatu wanaweza kukukatalia hilo somo, na ada wanayomtoza aliyesoma nje ya nchi ni zaidi ya mara mbili ya wanayomtoza aliyesoma kwao. Mimi California sikushauri uanzie huko, kabisa, labda uwe na sababu kubwa. Tatu, jimbo liko ndani ya kompakti au haliko?

Hii kompakti ndiyo watu wanaichanganya sana. Ni mkataba kati ya majimbo, unaitwa NLC, sa hivi una majimbo zaidi ya 40, na nesi anayeishi kwenye jimbo la mkataba anaweza kupewa leseni moja inayofanya kazi kwenye majimbo yote ya mkataba. Texas imo, Florida imo, Arizona, Tennessee, Kentucky, Ohio, zote zimo. California, New York, Illinois, Michigan, Oregon, Nevada na Minnesota haziko, na Minnesota nakutajia makusudi kwa sababu wenzetu kutoka Kenya wamejaa kule. Lakini sikiliza vizuri, leseni ya majimbo mengi inafuata mahali unapoISHI siyo unapofanya kazi, na lazima uwe na SSN, upigwe alama za vidole, rekodi yako iwe safi. Ukiwa unaishi Jersey City, New Jersey imo kwenye mkataba, unaweza kufanya kazi Pennsylvania kwa leseni hiyo hiyo, ila ukivuka tu mto Hudson kwenda kufanya kazi Manhattan unahitaji leseni ya New York, hakuna njia ya mkato. Na ukihama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda lingine, tangu Januari 2024 sheria ni kwamba una siku 60 tangu uhamie kuomba leseni ya jimbo jipya. Watu wanasahau hili kabisa, wanahama, wanabadilisha leseni ya gari, wanabadilisha shule za watoto, leseni ya unesi hawaigusi.

Ukishaamua jimbo, fungua tovuti ya bodi yenyewe, siyo ya ajenti, na usome sehemu ya waliosoma nje ya nchi kuanzia juu mpaka chini. Halafu kabla hujajaza fomu yoyote toa makaratasi yako yote uyatandaze mezani. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha sekondari, diploma ya unesi, leseni ya baraza la manesi la nchi yako, pasipoti, cheti cha ndoa kama kipo. Angalia majina, na angalia herufi kwa herufi. Sisi kwetu jina linatembea, cheti cha form four kina majina matatu, diploma wameweka mawili, baraza wamekuandika kwa jina la babu, pasipoti umechukua baada ya kuolewa ina jina la mume, halafu kuna mahali Salehe imeandikwa na e na mahali pengine haina. Huku hakuna mtu atakayekuelewa kwamba ni wewe yule yule. Siku ya mtihani jina la kwanza na la mwisho kwenye pasipoti yasipofanana sawasawa na yaliyoko kwenye barua ya ruhusa ya kufanya mtihani unarudishwa mlangoni na hela ya mtihani imekwenda. Kwa hiyo anza na majina, kama hayalingani nenda kwa wakili utengeneze hati ya kiapo au deed poll, yaani hati ya kubadili jina, ukiwa bado nyumbani, ni rahisi zaidi kuliko kuhangaika kwa simu ukiwa Minneapolis.

Baada ya hapo ni uhakiki wa elimu. Bodi nyingi hazisomi vyeti vyako moja kwa moja, zinataka shirika la uhakiki lisome na kuandika ripoti, na linalojulikana zaidi ni CGFNS la Philadelphia, ambalo sa hivi limebadilisha jina linaitwa TruMerit, kwa hiyo usishtuke ukiona jina geni. Hapa ndipo dola mia kadhaa zinatoka. Hakikisha unanunua ripoti ile ambayo bodi YAKO inataka, maana wana aina tofauti, kuna ya kuhakiki vyeti peke yake, kuna ya kulinganisha masomo, na kuna VisaScreen, ambayo ni ya uhamiaji siyo ya leseni. Mtu anayekuja kwa viza ya kazi ya unesi lazima awe na VisaScreen, aliyeshinda green card ya bahati nasibu au aliyekuja kama mkimbizi haihitaji, na nimeona watu wa kundi hili la pili wameambiwa na madalali wailipie. Kabla ya kulipa soma.

Shirika la uhakiki halipokei vyeti kutoka mkononi mwako. Chuo ndicho kinatuma transkripti, na baraza, iwe Nursing Council of Kenya au TNMC ya Tanzania, ndilo linatuma uthibitisho wa usajili wako. Na hapa ndipo miezi inapotea. Transkripti nyingi za kwetu zinaonyesha maksi tu, na wao wanataka MASAA, masaa ya darasani na masaa ya wodini, kwa kila eneo: wagonjwa wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Ukiwa bado uko karibu na chuo nenda mwenyewe, ongea na msajili kwa heshima, mpelekee ile fomu imeprintiwa, mwonyeshe mahali pa masaa, mwombe asiache nafasi hata moja wazi na mhuri ugonge sawasawa. Ukiwa uko mbali mtafute ndugu mvumilivu wa kufuatilia, maana barua pepe peke yake kwa vyuo vyetu vingi unaweza kungoja mpaka uchoke. Kama chuo kilifungwa au kiliunganishwa na kingine, ulizia wizara nani anatunza kumbukumbu zake.

Na Kiingereza. Majimbo mengi yanataka IELTS au TOEFL, na matokeo yake yana uhai wa miaka 2 tu, kwa hiyo usikimbilie kufanya huu mtihani mwanzoni kabisa wakati chuo hakijatuma hata karatasi moja.

Tuje kwenye hesabu sasa, nachukua New York kama mfano. Jimbo linatoza dola 143, hapo ni maombi pamoja na usajili wa kwanza. Pearson VUE, wanaosimamia NCLEX, wanatoza dola 200. Ukifanyia mtihani nje ya Marekani unaongeza dola 150, na nchi nyingine zinaweka kodi juu yake. Jumla 493 kabla ya uhakiki wa vyeti, kabla ya zile kozi fupi mbili ambazo New York wanazilazimisha, ya kutambua unyanyasaji wa watoto na ya kuzuia maambukizi, na kabla ya nauli kama kituo cha mtihani kiko nchi nyingine. Ukijiandikisha Pearson halafu ukabadili mawazo ukataka bodi ya jimbo jingine, dola 50. Ukifeli, unasubiri siku zisizopungua 45 halafu unalipa tena 200, na tena 150 kama uko nje. Hela ya Pearson hairudishwi, na ya New York ukiondoa maombi unaweza kurudishiwa sehemu tu. Unaona sasa kwa nini nasema jimbo kwanza?

Bodi ikikukubali unatumiwa barua ya ruhusa ya mtihani, wanaiita ATT, ina tarehe ya mwisho, mara nyingi ni kama siku 90, na haiongezwi, ikiisha unajiandikisha na kulipa upya. Kwa hiyo usiombe bodi ukiwa hujaanza kusoma, anza kusoma wakati vyeti viko njiani. Mtihani wenyewe tangu Aprili 2023 umebadilika, una visa vya wagonjwa vya kusoma hatua kwa hatua, maswali ni kuanzia 85 hadi 150, masaa 5, na kompyuta inakupa swali gumu au jepesi kufuatana na unavyojibu, usiogope ikizimika kwenye 85, inaweza kuwa umefaulu vizuri tu.

Ukishafaulu NCLEX hurudii tena popote. Kuhamia jimbo jingine ni kuomba kwa leseni uliyonayo, unalipa ada ya jimbo jipya, unalipa dola 30 Nursys, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za leseni za manesi, wathibitishe leseni yako ya zamani, unapiga alama za vidole kama wanataka, na wengine wanaongeza mtihani mdogo wa sheria za jimbo lao, Texas wanao.

Neno kwa ndugu zangu kutoka Kongo na wengine ambao unesi hawajasomea au vyeti vilibaki vitani. Anzeni na CNA, msaidizi wa nesi. Sheria ya nchi nzima inasema mafunzo yasipungue masaa 75, majimbo mengine yameongeza, Texas ni 100. Lakini jambo ambalo waajiri wengine hawalisemi ni hili: kama nyumba ya wazee inayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, imeshakuajiri, au imeshakuahidi kazi, HAIRUHUSIWI kukutoza hela ya mafunzo wala ya mtihani. Na kama ulijilipia mwenyewe halafu ukaajiriwa kwenye nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linatakiwa kukurudishia, kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Kuandikwa kwenye rejista ya jimbo nako ni bure, anayekutoza "ada ya rejista" muulize ni ya nani. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya usaidizi wa nesi usajili wako unaacha kuwa hai na unafundishwa au kutahiniwa upya, hivyo hata zamu chache weka.

Halafu madalali. Akikwambia ana mtu ndani ya bodi, kimbia. Akikuuzia diploma, kimbia zaidi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya shule za unesi za Florida zilizouza diploma na transkripti za uongo zaidi ya 7,600, watu 25 wakashtakiwa, na bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kufuatilia leseni za walionunua, wengine walikuwa tayari wako wodini. Wahamiaji walikuwemo, watu waliotoa maelfu ya dola wakapoteza hela na kazi kwa pamoja. Inaniuma kwa sababu hela ile ile ingetosha njia halali na chenji ingebaki.

Mwisho ni kuilinda leseni ukishaipata. Majimbo mengi unahuisha kila miaka 2, New York kila miaka 3. Texas wanataka masaa 20 ya kozi za kujiendeleza kila kipindi, Minnesota 24, California 30, na bodi inaweza kukuchagua ghafla uonyeshe vyeti vya hizo kozi, viweke kwenye folda moja kwenye simu. Ukihama nyumba badilisha anwani kwenye bodi, kwa sababu barua ya bodi isiyojibiwa inaweza kukuletea matatizo hata kama kosa halikuwepo. Na ukishapata tu leseni jiandikishe Nursys e-Notify, ni bure, inakutumia ujumbe leseni ikikaribia kuisha.