Usipande Dodoma kwa mvua ya Tabora

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Bwana shamba, mahindi yameota yakakauka, nifanyeje?" Ukiuliza ilikuwaje, hadithi haibadiliki. Shemeji aliyeko Tabora alipiga simu akasema kwao wameshapanda. Siku mbili baadaye mawingu yakatanda hapa kwetu, ikanyesha nusu saa, vumbi likatulia, na kabla jua halijazama watu walikuwa shambani na mbegu.

Mwaka juzi nilisimama kwenye shamba la mama mmoja wa Chamwino. Miche ilikuwa na majani mawili mawili, ncha zimekuwa rangi ya majani makavu ya paa. Aling'oa mmoja akanionyesha: mzizi umeshuka sentimita nne, ukagusa udongo mkavu, ukakunjika kwenda pembeni. Juu kulikuwa na tabaka jembamba lililolowa, chini yake vumbi la Septemba. Ekari moja na nusu ilikwenda namna hiyo. Ekari moja ya mahindi hula kilo 8 hadi 10 za mbegu, yaani mifuko minne hadi mitano ya kilo mbili. Bei ya mfuko unaijua mwenyewe. Yeye aliinunua mara mbili, na mara ya pili alikopa.

Kosa hili linaumiza kwa sababu mkulima hakuwa mvivu. Aliwahi. Ila aliwahi kwa mvua ya watu wengine.

Mvua za Msimu, zile za msimu mmoja kwa mwaka kama wetu, hazianzi kila mkoa siku moja. Hutangulia magharibi: Kigoma, Katavi na Tabora huanza kulowa ndani ya Novemba, na Kigoma mara nyingine mapema zaidi. Kwetu Dodoma na kwa majirani zetu Singida, mvua ya kutegemewa huja kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, na iko miaka inasogea hadi karibu na Krismasi. Kaskazini na pwani ni hesabu nyingine kabisa. Kilimanjaro, Tanga, Pwani na mikoa ya Ziwa Viktoria wana misimu miwili, Vuli ya Oktoba hadi Desemba na Masika ya Machi hadi Mei. Mwenzako wa Moshi akiharibikiwa na Vuli, anajipanga kwa Masika. Wewe wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa huna msimu wa pili wa kukimbilia. Kwa hiyo taarifa ya redio kwamba "mvua zimeanza" uisikilize hadi mwisho, usikie zimeanza wapi.

Hata neno "wastani" kwenye utabiri lina wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema kanda fulani itapata mvua za wastani, ni wastani wa pale pale. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma mjini haifiki 600. Mvua ya wastani kwa Bukoba ingetufurikisha sisi, na ya kwetu ingekausha migomba yao. Ukisikiliza utabiri, subiri itajwe kanda ya kati, mikoa ya Dodoma na Singida.

Sasa tufanye hesabu ya ile mvua ya nusu saa. Tuseme imetoa milimita 8. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, hivyo ekari yako imepokea lita 32,000 na kidogo. Inaonekana nyingi. Lakini jua letu la Novemba na upepo wake huvuta kama milimita 5 kwa siku kwenye udongo uliolowa. Baada ya siku mbili huna kitu. Na mvua ndogo namna hii ni mbaya kuliko ukavu mtupu, kwa sababu mbegu iliyoko kwenye vumbi kavu hulala ikingoja, ila milimita 8 au 10 huiamsha. Ikishaamka hairudi kulala.

Ndiyo maana sina ugomvi mkubwa na wazee wanaotupia uwele na mtama kabla ya mvua, wakitumia mbegu waliyoihifadhi ghalani. Mbegu ni yao, na uwele unavumilia. Ugomvi wangu ni na mahindi ya dukani.

Mvua ya kupandia kwetu ni milimita 20 au zaidi, zilizopatikana ndani ya siku tatu mfululizo. Milimita 8 za Jumatatu na 12 za Jumatatu iliyofuata hazijumlishwi! Nalisema hili kila mkutano na kila mkutano kuna anayejumlisha. Ya kwanza ilishaondoka.

Utajuaje kuwa ni 20? Kwa kupima shambani kwako, maana mvua zetu hunyesha kwa mapande na huweza kulowesha upande mmoja wa kijiji ukaacha mwingine. Huhitaji kifaa cha bei. Chukua faneli ya plastiki ya kumiminia mafuta ya taa na kidumu cha lita tano. Mdomo wa faneli uwe na upana wa sentimita 11.3, ukipima kwa rula kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Ukikosa ya kipimo hicho, nunua kubwa zaidi, uikate kwa kisu kikali pale upana unapofika 11.3. Mdomo wa upana huo una eneo la sentimita 100 za mraba, na hapo mililita 10 za maji ni sawasawa na milimita 1 ya mvua. Chukua bomba la sindano la mililita 10, lile la kuchanjia kuku, lakini jipya, lisilo na dawa. Kila bomba moja lililojaa ni milimita moja. Mabomba 20 ni mvua ya kupandia. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu.

Tafadhali usikadirie huo upana. Faneli ya sentimita 12 itakudanganya zaidi ya milimita moja katika kila kumi, na uongo huo unaelekea upande wa hatari, wa kukuambia panda.

Fungia kidumu kwenye nguzo, mdomo wa faneli uwe mita moja kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na ukae sawa bila kuinama. Ziba mwanya kati ya faneli na kidumu. Nguzo iwe mbali na kitu chochote kirefu kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: nyumba ya mita 3, sogea mita 6; mwembe wa mita 8, sogea 16. Nimekuta kipimo kimefungwa chini ya ukingo wa bati, kinakusanya maji ya paa zima, na mwenyewe ananiambia kwa furaha amepata milimita 90. Amepima paa lake.

Soma saa 3 asubuhi kila siku, saa ileile wanayosoma kwenye vituo vya hali ya hewa. Usisome ukipata nafasi, wala mchana ukitoka shambani. Mwaga maji yote ukimaliza, rudisha kidumu, na kiasi ulichopata kiandike kwenye tarehe ya jana. Siku isiyo na mvua andika 0. Ukiacha wazi, baada ya wiki mbili hutajua kama haikunyesha au hukwenda kuangalia.

Ukifikisha 20, bado usifungue mfuko. Kesho yake chimba mashimo mawili, moja juu ya mteremko na jingine chini, sentimita 20 kwenda chini kwa rula. Watu hupima kwa shibiri, na shibiri za watu hazilingani. Angalia ukuta wa shimo: unyevu ushuke kutoka juu hadi chini bila mkanda mkavu katikati. Kwenye kichanga milimita 20 hufika kina hicho. Kwenye udongo mweusi wa mbugani zinaweza kuishia sentimita 10 tu, kwa hiyo wa mbugani ngoja mvua nyingine. Shimo likikubali na utabiri wa siku kumi wa kanda ya kati hautaji kukatika kwa mvua, panda ndani ya siku mbili, mbegu ikae sentimita 5.

Kuna wanaoniuliza: kama 20 hazijapatikana na siku zinakwenda? Mimi mwisho wangu wa mahindi ni Januari 10. Mahindi ya siku 120 yakipandwa siku hiyo yatataka kufika Mei 10, na mvua zetu huisha Aprili. Baada ya hapo weka mtama wa muda mfupi kama Macia, au uwele. Aliyepanda Novemba akarudia Januari amepoteza pia zile wiki za katikati, ambazo hazinunuliwi dukani.

Baada ya kupanda, endelea kupima, na kila baada ya siku kumi ingia ndani ya shamba. Usihukumu kutoka barabarani, pembezoni hudanganya. Siku ya kumi pima mita 10 za mstari katika sehemu tano. Kwa nafasi ya sentimita 30 unatarajia mimea 33. Chini ya 25, rudishia ndani ya wiki hiyo hiyo, maana mche unaochelewa hufunikwa na wenzake. Kiangazi cha katikati ya msimu kinapokuja, mara nyingi mwishoni mwa Januari au Februari, tazama majani saa 2 asubuhi. Kujikunja mchana ni kawaida, jua likipungua yatafunguka. Yakiwa bado yamejikunja saa 2 asubuhi, mmea una kiu ya kweli: usimwage Urea siku hizo, ngoja udongo ulowe. Wiki mbili kabla na baada ya mbelewele, yaani ua la kileleni mwa mmea, kutoka ndizo mahindi hayasamehe kukosa maji, hivyo andika tarehe mbelewele zilipoonekana. Shamba likiwa limejaa na rangi ya kijani imekoza, umefaulu.

Mkitaka nije kukagua, njooni na daftari lenye milimita za kila siku, tarehe ya kupanda, idadi ya mimea kwenye mita 10 na tarehe ya mbelewele. Bila hayo tutasimama shambani tukitazama mahindi yaliyokauka, na mimi nitakuwa nakisia kama wewe.