Mafua hayaishi na umechoka? Omba kipimo cha ferritini
Jamani kama unaumwaumwa kila saa na mwili hauna nguvu, usiishie kupima wingi wa damu tu, omba na ferritini, yaani kipimo kinachoonyesha akiba ya madini chuma mwilini, maana akiba hiyo inaweza kuwa imeisha huku hemoglobini (ule wingi wa damu) bado inasoma poa. Limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga, zinahitaji chuma ili zizaliane haraka zipambane na vijidudu, kikipungua zinazubaa. Na bandama ndo inavunja seli nyekundu zilizozeeka, zile za siku kama 120, chuma chake kinarudi kutengeneza damu mpya. Ila ukipima ukiwa na homa ferritini inapanda kiuongo, subiri upone kwanza. Na vidonge vya chuma usijianzishie, hasa ukiwa na infeksheni, bakteria nao wanakitaka hicho hicho chuma.