Diski umeongeza na seva bado yasema imejaa?

Jamani mnaoshika seva za Linux, hii naiona kila mara hapa Mombasa: mtu ameongeza diski ya mashine kutoka GB 50 hadi 100, apiga df -h (amri ya kuonyesha nafasi) bado yaonyesha 50, basi aanza kuristati seva watu wakiwa kazini. Usiristati. Nafasi ishaingia, ni kama maji yamefika tangi la chini hayajapandishwa la juu, wewe ndo wa kuyapandisha.

Bakapu kwanza, tafadhali. Halafu lsblk, utaona sda, yaani diski yenyewe, ni 100G lakini sda3, kipande chake cha tatu, bado iko pale pale, kwa hivyo wakipanua kwa growpart /dev/sda 3 (hapo kati ya sda na 3 acha nafasi, wengi wakwama hapo tu), kisha pvresize /dev/sda3 (yaiambia LVM, mfumo wa kugawa nafasi ya diski, kuwa kipande kimekua), kisha lvextend -r -L +20G /dev/vg0/data, vg0 ni kapu la nafasi (volume group) na data ni sehemu unayoipanua, majina uweke ya kwako. Hiyo -r ndo yapanua na failisistemu (mpangilio wa mafaili ndani ya nafasi hiyo) papo hapo, iwe aina ya ext4 au XFS, na watu waendelea na kazi zao. Alama ya + usiisahau, +20G ni kuongeza 20, bila + ni kusema jumla iwe 20.

Na usimalize nafasi yote kwa siku moja. XFS ukishaipanua usitegemee kuipunguza, mimi huacha GB kadhaa pale kwa vg, siku folda ya /var ikijaa ghafla naongeza dakika moja tu.